Benchi la Masugu

Gladys Mabbott alimwinua mume wangu kwenye benchi mwezi wa kwanza mwaka thelathini na sita, mbele ya watu, na mie nimesimama pale nimeshika bilauri yake. Sijasahau. Watu huniambia, Nell, sahau, hayo mambo ya kale. Wanaosema hivyo hawajainuliwa.

Wilf wangu alikuwa ametoka jela asubuhi ileile. Walimwachia na koti alilokamatwa nalo mwezi wa kumi, koti la kumfaa mtu wakati wa jua, na nje barafu imeganda mpaka farasi wa makaa wanateleza. Akatembea kwa miguu kutoka jela mpaka kwetu Bermondsey. Alipofika kifua kilikuwa kinapiga filimbi kama birika. Nyumbani sina hata punje ya makaa, nikamkokota mpaka baa ya Hoskin. Kando ya jiko kuna benchi, na siku hiyo lilikuwa tupu. Wilf akaketi, akanyoosha mikono kwenye moto. Hajapata hata joto la vidole, Gladys akaja, mikono kiunoni.

"Inuka hapo, Wilf," akasema. "Hapo wanakaa waliofungwa. Wewe ulikwenda kufuma zulia."

Watu wakacheka. Na Wilf akainuka. Tena akamwomba radhi. Akaenda kusimama mlangoni, akanywea bia yake kwenye upepo, na usiku huo homa ikampanda, akalala wiki tatu.

Sasa lazima mjue desturi ya mtaa wetu, ule wa nyuma ya viwanda vya ngozi. Kwetu kila kifungo kina jina lake, na kila jina lina heshima yake. Kifungo cha mwezi mmoja kinaitwa mwezi basi, na hicho hata mama yako haji getini kukupokea. Miezi mitatu ni zulia, kwa kuwa wazee walisema ndio muda wa mfungwa kumaliza kufuma zulia moja kule ndani. Miezi sita ni nusu mvua. Mwaka ni mvua. Ukipigwa mvua tatu kwenda juu, ukapelekwa jela ya Nyikani, kule kwenye ukungu na mawe, ukirudi una cheo: unaitwa Sugu. Sugu hapangi foleni kwa muuza samaki wa mikunga. Sugu akikohoa, watu wananyamaza wakidhani anataka kusema. Na benchi la kando ya jiko kwa Hoskin lilikuwa la Masugu, nafasi za watu wanne. Wengine wote mlisimama, au mlikaa kwenye viti vya mlangoni, ambako upepo wa mto huingia bila kubisha hodi.

Wilf alikuwa mtu wa mazulia. Hadi anazeeka alikuwa na mazulia kumi na manne, na mvua hata moja hana.

Sikumpenda kwa wizi wake, maana hakuujua wizi. Alisomea ufundi bomba, na ufundi ulimkaa rohoni kuliko wizi. Mara ya kwanza kumwona, alikuja kwa mama kutengeneza bomba la jikoni. Akatengeneza, akanywa chai, akaondoka na birika ndani ya koti. Kesho yake akalirudisha. Alisema alipofika nalo kwao aliona mpini unacheza, akauunga vizuri, na baada ya kazi yote ile akaona aibu kuliuza. Mama akamwita mpumbavu. Mie nikaolewa naye.

Kazi yake ilikuwa kubandua risasi, ile metali nzito ya kijivu, kwenye mapaa. Mapaa ya zamani ya Kiingereza yamezibwa kwa mabati ya risasi, na risasi ina wanunuzi. Mwizi mwenye akili anabandua anakwenda zake. Wilf alikuwa akibandua, halafu anaona mfereji wa maji umekaa upande, anaanza kuunyoosha. Mara nne alikamatwa akitengeneza kitu. Pale kwa mchungaji ndiyo ilitia fora. Alibandua risasi Jumatatu, Jumatano mvua ikanyesha, Wilf akakosa raha, anasema maji yanamwingilia mchungaji kitandani. Alhamisi mchana kweupe akapanda tena na mabati ya zinki aliyonunua kwa pesa zake, akaziba. Polisi akafika chini akamuuliza anafanya nini. Wilf akamwambia ashike ngazi, inateleza. Polisi akaishika mpaka kazi ikaisha, ndipo akamfunga pingu. Zulia.

Skrubu, ndivyo tulivyowaita askari jela, maana kazi yao ni kukaza, walimpenda sana. Akiingia tu walimpeleka kwenye mabomba. Mimi nadhani kuna miaka walikuwa wakimngojea. Mahakimu nao wakimwona na ile kofia yake kifuani walishindwa kumpa mvua. Niliwachukia kwa huruma yao. Hakimu mmoja mkali angenipatia heshima mtaani.

Maana Gladys alikuwa nayo. Mumewe, Perce, alikuwa ametoweka mwaka thelathini na nne, na baada ya wiki mbili Gladys akatokea dukani amevaa nyeusi, akatangaza kwamba Perce amepigwa mvua tano. Amekamatwa kaskazini, akasema, na kuhukumiwa hukohuko, ndiyo maana hakuna mtu aliyemwona kizimbani. Amevunja sefu. Sisi tulishangaa kidogo, maana Perce tuliyemjua alikuwa anashindwa kuvunja yai. Lakini mvua tano ni mvua tano. Kuanzia siku ile Gladys akawa bibi mkubwa. Muuza samaki anampa kichwa bure. Akikutana na mie ananiuliza, "Vipi Nell, zulia limefika wapi? Mmeshafika kwenye pindo?"

Perce akarudi mwaka thelathini na tisa. Watu wakirudi Nyikani huwa na rangi ya mshumaa. Perce alirudi na mashavu. Gladys akasema ni hewa ya milimani. Akaketishwa kwenye benchi, akanunuliwa bia, na alipoulizwa habari za kule alitikisa kichwa tu akasema hayasemeki. Hilo nalo likampa sifa, kwa kuwa Masugu wa kweli huwa hawasimulii. Mzee Lomax, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa benchi, mtu wa mvua saba, alitoka Nyikani zamani, hata redio bado. Hakumuuliza neno. Kuulizana ni ushamba.

Vita vikaja, Wajerumani wakaezua mapaa mengi kwa juma moja kuliko Wilf maisha yake yote, na sikusikia waliopewa zulia. Vikaisha. Wilf akarudi juu ya mapaa.

Mwaka arobaini na saba nilidhani Mungu amenisikia. Wilf alisimama kizimbani mara ya kumi na moja, na hakimu, mgeni, akavua miwani akamwambia kwamba yeye ni mhalifu sugu asiyefundishika. Wilf akainua mkono. Akamwomba mheshimiwa arudie neno lile taratibu, na kama haitakuwa usumbufu, aliandike kwenye karatasi na kutia sahihi. Hakimu alikuwa na nia ya kumpa mwezi. Akaona anadhihakiwa, akampa zulia.

Lakini gazeti liliandika. Mie kusoma ni kwa kubahatisha, ila neno lile nililijua sura yake kama ninavyoijua sura ya Wilf. Nikalikata, nikaenda nalo kwa Hoskin, nikaliweka juu ya meza mbele ya Mzee Lomax, nikamwambia serikali yenyewe imesema. Lomax akasoma, akalirudisha. Akanieleza, kwa adabu, kwamba hakimu anaweza kumwita mtu chochote, ndiyo kazi anayolipwa, lakini cheo cha usugu hakitoki juu ya kiti cha hakimu, kinatoka Nyikani. Gladys akasema magazeti huandika pia kwamba kesho kutakuwa na jua.

Nikabadili njia. Nikamwambia Lomax anihesabie. Mazulia kumi na moja, kila moja miezi mitatu, ni miezi thelathini na mitatu, bado mitatu tu kufikia mvua tatu, na kwa mwendo wa Wilf hiyo itakuja tu. Lomax akairudia hesabu yote, zulia kwa zulia. Yule mzee alikuwa haki tupu, ndiyo maana nilitamani kumpiga na kitu.

"Mama," akasema, "mvua ni mvua, manyunyu ni manyunyu. Huwezi kukinga manyunyu kila mwaka ukaja kutuambia ulikumbwa na gharika."

Baa nzima ikacheka, Wilf naye akacheka. Nikamfinya paja.

Ndipo tukafika mwaka hamsini na tatu. Wilf ana miaka sitini na mitatu, kifua kimekwisha. Daktari akaniita pembeni akaniambia mambo mawili: asipande tena mapaa, na asisimame kwenye upepo, akisimama hatauona mwaka mpya. La mapaa Wilf alilikubali, kwa kuwa ngazi yenyewe ilikuwa inamshinda. La upepo likatupeleka palepale. Kuacha baa ya Hoskin hakuweza, ndiko walikokuwa wenzake, na mtu wa umri ule ukimwondolea wenzake unamzika mapema. Na ndani ya baa ile penye joto ni mahali pamoja tu.

Sasa muone benchi lenyewe lilivyokuwa. Masugu wawili walikuwa wameshakufa. Wamebaki Lomax, mwisho wa kulia, na Perce katikati amejinyoosha kama paka wa tajiri. Na nafasi ya nne, iliyo karibu kabisa na jiko, Gladys alikuwa akiweka mkoba wake. Mkoba wa ngozi nyeusi, wenye kufuli la shaba. Mkoba unaota moto, na mume wangu yuko mlangoni anakohoa kwenye skafu. Nilikuwa nauangalia mkoba ule nikiona kama nao unaniangalia.

Nikamwambia Wilf, nenda kakae, nani atakuinua, umri huu. Akaniambia, "Bibie, mie si Sugu." Yule mtu alivunja sheria za wafalme watatu, lakini sheria ya benchi lile hakuivunja hata siku moja.

Basi ikakaribia siku ya kutawazwa malkia, mwezi wa sita, na kila mtaa wa London unaandaa karamu ya barabarani. Sisi tuliazimia kupanga meza kutoka kwa Hoskin mpaka kwenye geti la kiwanda, pai, viazi, mikunga ya kuganda, keki ya watoto. Mawingu yakaja. Redio ikasema mvua. Wanawake wakaanza kulia kwa ajili ya keki. Hapo yakapatikana maturubai manne makubwa ya kufunikia mizigo melini, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Yakishonwa pamoja yatafunika meza zote. Nikajaribu kwa cherehani yangu. Nikavunja sindano tatu. Jirani akavunja mbili na mkanda ukakatika. Turubai lile nene kama ngozi ya nyati.

Mzee Lomax akasikia, akashangaa tunahangaika na cherehani. Mtaa huu, akasema, una mikono. Kila mwanamume aliyekula uji wa jela ya Kiingereza, hata uji wa mwezi mmoja, ameshona mifuko ya posta. Turubai lilelile, uzi wa nta uleule, sindano ya pembe tatu, mishono minane kwa inchi. Saba skrubu anaikata yote unaanza upya, tisa vilevile. Akatoa amri: Jumapili mchana, baa ikiwa imefungwa, kila aliyewahi kushona mfuko aje kwa Hoskin.

Wakaja kumi na mmoja. Sitasahau. Hoskin alisogeza meza, akaweka viti ovyoovyo, na wale wanaume, bila mtu kuwaambia, wakavipanga mistari miwili, nafasi ya mkono mmoja kati ya kiti na kiti, wote wakaangalia upande mmoja. Wakainama. Hakuna aliyefungua mdomo, lakini mazungumzo yalikuwa yanaendelea, maana wanajua kusema bila kutikisa midomo; nilipita na chai nikasikia habari za mbio za mbwa zinatoka hewani. Wake zao tulikaa ukutani tukawatazama. Waume zetu, hawahawa wasiojua kufunga kifungo cha shati, sindano zinakwenda kama zinaimba. Mara Hoskin akapita nyuma yao na funguo zake za stoo zinalia kiunoni. Mikono kumi na mmoja ikaganda, sigara tatu zikapotea sijui wapi, migongo yote ikanyooka. Hoskin mwenyewe akaogopa akarudi nyuma ya kaunta.

Mmoja tu hakutikisika. Perce Mabbott alikuwa kwenye benchi, miguu mbele, anawaelekeza wenzake turubai livutwe wapi.

Nisijisifu kwa akili ambayo sikuwa nayo. Sikushuku kitu. Nilitaka tu, baada ya miaka kumi na saba, nimwone na yeye anainuka kwenye benchi lile. Kulikuwa na sindano moja imebaki. Nikaichukua, nikampelekea.

"Perce," nikamwambia, "hii yako."

Akasema ana kidole kibovu. Nikamwambia ana vingine tisa. Akasema macho. Wilf akainua kichwa, kwa wema wake, akasema Lomax ana miaka themanini na anashona kwa kupapasa. Wenzake sasa wanasikiliza, ingawa hakuna aliyeacha kazi. Perce akatoa kauli ya mwisho: yeye kule Nyikani alikuwa machimboni, alivunja mawe, hakuwahi kuwekwa kwenye mifuko.

Lomax akaacha kushona.

"Wote tulikuwa machimboni," akasema polepole. "Ukungu ukishuka wanatufungia ndani, mtu asitoroke, tunashona. Na kule ukungu ni siku tano kwa wiki. Chukua sindano, mwanangu."

Perce akainuka. Niliona tu lile, nikashukuru Mungu, ningeweza kwenda nyumbani. Akaketi kiti cha mwisho, karibu na Wilf. Akaishika sindano ile kama mtu aliyeshika uma wa keki, kidole cha mwisho kimesimama juu. Akaomba kifuniko cha kidole, kile chetu cha chuma cha kushonea vifungo. Kumi na mmoja wale wakatazamana, kwa kuwa turubai linasukumwa kwa kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani, na kila mmoja alikuwa ameshavaa. Akachoma. Akajichoma. Akachoma tena, akavuta, uzi ukamfunga kifundo. Jasho likamtoka. Alikwenda hivyo kama robo saa, mshono mmoja huku, mwingine kule, kama kuku amepita kwenye unga, na alipotaka kuinuka kwenda kunywa maji turubai lote likainuka naye. Alikuwa amelishona pamoja na suruali yake.

Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni wakacheka. Wanaume hawakucheka. Lomax akaja, akapiga magoti kwa shida, akaweka ukucha wa dole gumba juu ya mshono wa Perce, ndivyo wanavyopima, ukucha ni inchi isiyonyang'anywa. Akahesabu. Mishono miwili na nusu. Akasogeza. Mitatu. Akainuka akajipangusa magoti.

"Huyu," akasema, "hajawahi kufungwa hata siku moja."

Nimesikia watu wakitukanwa katika baa ile miaka hamsini, mama zao, baba zao na mbwa wao. Sijasikia tusi lililonyamazisha watu kama lile. Perce akawa mwekundu hadi shingoni, amesimama na turubai linaning'inia nyuma yake kama bibi harusi. Na Wilf wangu, Mungu amrehemu, katikati ya fedheha yote ile, alikuwa ameshuka chini anafumua ile mishono mmoja mmoja, taratibu, asije akaichana suruali ya mtu.

Mie nikamgeukia Gladys. Alikuwa ukutani na sisi wanawake, kikombe mkononi.

"Gladys," nikamuuliza, "mumeo alikuwa wapi miaka mitano?"

Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Akaweka kikombe.

"Kwa mjane," akasema. "Pwani. Mwenye mgahawa wa chai. Alikuwa akimkatia mikate."

Nikakumbuka kwamba kila sikukuu Perce ndiye aliyekuwa anakata mkate wetu wa siagi na tango, bila maganda, pembe tatu sawasawa, na sisi tukisema jela imemfundisha usafi.

Gladys hakuwa amemaliza. Akaniambia, si kwa ukali, kama mtu anayetua mzigo: "Ulitaka niseme nini, Nell? Wako akiondoka unajua siku atakayorudi, hakimu amekuandikia. Wangu hakuna aliyeniandikia."

Wanawake wakainamisha macho. Mmoja akavuta kamasi. Na maneno yalikuwa mazito, nakubali, mie si jiwe. Lau angekuja kuniambia hayo mwaka thelathini na nne, jikoni kwangu, ningemwekea chai na tungemtukana Perce pamoja mpaka jioni. Lakini hakuja jikoni kwangu. Alichukua aibu yake akaifanya kiti, na kiti kilipomtosha akamwinua mgonjwa wangu asikikaribie. Machozi yake hayakumtoa Wilf homa.

"Ondoa mkoba wako," nikamwambia.

Akaenda akautoa. Benchi likabaki tupu, refu, sisi sote tunalitazama.

Lomax hakuwa amemaliza kupima. Alikuwa amerudi kwenye turubai la Wilf, lile alilolianza saa sita. Ukucha, anahesabu, anasogea. Nane. Nane. Nane. Akafuata mshono ule futi thelathini, ameinama, mpaka mlangoni, na hakukuta saba wala tisa. Akamuuliza Wilf amejifunza wapi mkono ule. Wilf akamjibu kutoka chini, bado anafumua suruali, kwamba kila akirudi ndani alianzia pale alipoachia.

"Kaa kwenye benchi," Lomax akamwambia.

Wilf akasema, "Mzee, mie ni wa manyunyu."

"Mimi nilikuwa nahesabu kwa mdomo," Lomax akasema. "Mkono umehesabu vingine. Huo ni mkono wa mtu aliyekaa. Kaa."

Wilf akamtazama Lomax, akanitazama mie, akamalizia mshono wa mwisho wa suruali, akampigapiga Perce mgongoni kumwonyesha kwamba yuko huru. Perce akatoka mlango wa nyuma. Wilf akavua kofia, akaenda, akakaa pembeni kabisa ya benchi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Lomax akamsukuma akasogea katikati. Wale wengine kumi wakarudi kwenye sindano zao, na habari za mbwa zikaanza tena kutoka hewani.

Nikamwambia Hoskin awashe jiko. Akasema, Nell, kesho ni mwezi wa sita, ni kiangazi. Nikamwambia awashe. Akanitazama usoni, akaenda kuchukua makaa. Nikasimama juu yake mpaka yakashika, nikaongeza mwenyewe ndoo nyingine. Baa ikawa tanuri. Wanaume wanashona huku jasho linadondokea turubai, nta inayeyuka vidoleni, wanawake wanajipepea na sahani, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema fungua dirisha. Wilf akavua koti. Baadaye akavua kizibao. Uso ukawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nilimsikia anapumua bila filimbi.

Gladys alikuwa amekwenda kusimama mlangoni na mkoba wake kifuani. Nje mvua ilikuwa imeanza. Sikumwambia aondoke, wala sikumwambia aje karibu.